Nimero ya kadre si mwaka wa kinga

Kadre ni kiunzi cha mabomba cha baiskeli, ambayo sisi huku tunaiita kinga. Nimero ya kadre ni namba iliyogongwa ndani ya chuma chake kiwandani, ili kadre hiyo itofautishwe na nyingine zote zilizotoka humo. Kwa kawaida maana yake inaishia hapo. Mara nyingi utaikuta juu, nyuma ya bomba la kiti, au chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita. Futa grisi kwa petroli na brashi kuukuu ya meno. Msasa usiguse, unakula namba.

Juma lililopita, karibu na soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kijana mmoja alikuwa anauza kinga ya marehemu babu yake: breki za fito, magurudumu makubwa ya inchi 28, kiti cha ngozi. Nimero yake ilikuwa 193655. “Ba papa, muone, inaandikwa hapa: 1936.” Watu wazima wakatikisa kichwa, na mmoja akaanza kutaja bei. Maneno hayo nimeyasikia kwa mafundi, kwa wauzaji, hata kwa wanaoipenda kinga kuliko mimi.

Neno lenyewe linapinga. Nimero tumeipata kwa Kifaransa, na namba ya wenzetu wa pwani imetoka kwa Kiingereza, lakini zote mbili zimezaliwa na neno moja la Kilatini, numerus, yaani hesabu, idadi ya vitu. Ni neno la kuhesabu, halina tarehe ndani yake. Aliyegonga 193655 kiwandani alifanya kazi ile ile ya mama anayehesabu magunia ya makala, yaani makaa, yanaposhushwa kwenye kinga: hili la thelathini na tano, hili la thelathini na sita. Nani atasema gunia la thelathini na sita lilichomwa mwaka wa 36?

Na kadre? Wafaransa walilichukua neno cadre kwa Waitaliano, quadro, nalo linarudi kwenye Kilatini, kwa maana ya mraba. Ni mabomba yaliyoungwa pamoja, basi. Nimero ya kadre ni ya mabomba hayo peke yake. Haisemi lolote juu ya magurudumu, usukani, kiti wala mnyororo. Kinga iliyoleta makala mjini miaka ishirini imebadilishwa karibu kila kitu, na mimi nimeona ambazo hata uma wa mbele ulitoka kwa kinga nyingine.

Kuna nimero zinazobeba mwaka, ni kweli. Raleigh, kiwanda cha baiskeli cha Nottingham, Uingereza, katikati ya miaka ya 1970, waligonga herufi N kwa ajili ya mji wao, kisha herufi ya kipindi cha mwaka, kisha tarakimu moja: NB5 na kuendelea ni ya 1975. Angalia mwaka umekaa wapi. Ni tarakimu moja, ya tatu kutoka mwanzo, na hakuna 19 popote. Tena kabla ya hapo kiwanda hicho hicho kilianza hesabu zake upya zaidi ya mara moja, kwa hiyo nimero ndogo haimaanishi kinga ya zamani zaidi.

Anayetafuta mwaka ainame nyuma, kwenye kitovu cha gurudumu. Vitovu vya gia tatu vya Sturmey-Archer, kampuni iliyoanza 1902, vina tarehe yake wazi: AW, ambayo ni aina ya kitovu, kisha 58, kisha 10, ni Oktoba 1958. Hapo napo kuna kosa linaloniuma zaidi ya lile la kwanza, kwa sababu wanaolifanya wamejitahidi kusoma. Wanasema, “Hii kinga ni ya Sturmey-Archer.” Hapana. Huyo ametengeneza kitovu tu, na kitovu chake kiliingia kwenye kinga za viwanda vingi. Tarehe hiyo ni ya kitovu. Inakuwa ushahidi wa kinga nzima pale tu gurudumu ni lile lililotoka nalo kiwandani.

Alama ya mbele, chini ya usukani, ndiyo tunayoiita marke, nayo ni jina la kuuzia. Bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja ni BSA wa Birmingham, waliotengeneza silaha kabla ya baiskeli. Lakini Raleigh waliinunua BSA ya baiskeli mwaka 1957, kama walivyokwisha kuchukua marke za Humber 1932 na Rudge 1943. Baada ya hapo bunduki zile tatu zilitoka Nottingham pia. Marke na kiwanda viulizwe kila kimoja peke yake.

Kinga ya yule kijana ilikuwa na kichwa cha korongo wa Raleigh mbele. Nilipofuta kitovu chake cha nyuma kwa kidole, kilisoma AW, 52, 3. Mwanangu, ukisimama tena sokoni, waambie hivi: ni Raleigh, nimero ya kadre 193655, kitovu cha nyuma cha Machi 1952. Anayejua kinga atakuuliza kama gurudumu la nyuma liliwahi kubadilishwa. Umuulize mama yako kabla hujaenda.