Mama ngazi zimemshinda, kaunsili wanasema subiri

Simu za namna hii huwa zinaingia Jumatatu asubuhi. Mtoto wa mtu, sauti imechoka, mama yake ana miaka 74, anakaa flati ya gorofa ya tatu hapa Uingereza, jengo halina lifti, goti lishakwisha, wikiendi kateleza bafuni na sasa hospitali wanataka kumtoa ila nyumbani hakupandiki. "Nisaidie tupate nyumba ya chini wiki hii." Mimi kazi yangu ni mipango ya makazi, sigawi funguo, kwa hiyo kila mara naishia kumwambia mtu asichotaka kusikia, yaani hiyo nyumba unayoitafuta wiki hii ilishaamuliwa ijengwe au isijengwe miaka kama kumi nyuma, kwenye kikao ambacho huenda hakuna mtu wetu hata mmoja aliyetia mguu.

Tuanze na majina maana hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukisema nyumba za wazee, watu wetu wanasikia kea homu, wanaona unataka kumtupa mama, maongezi yameisha hapohapo. Kea homu, yaani nyumba ya kutunzia wazee, ni kitu kingine kabisa. Kuna sheltadi, hiyo mzee anapata flati yake, mlango wake, jiko lake, mkataba wake wa upangaji, kawaida kuanzia miaka 55 au 60, kuna meneja na kuna kamba nyekundu ya dharura, ukiivuta inaita msaada. Halafu kuna ekstra kea, nayo mlango ni wako na mkataba ni wako ila wahudumu wapo jengo hilohilo usiku na mchana, kwa hiyo mtu akianza kuhitaji kuogeshwa au kukumbushwa dawa hana haja ya kuhama. Wali wake wa nazi atapika mwenyewe, wajukuu watakuja watapiga kelele, hakuna wa kumpangia.

Hiyo kamba nyekundu hebu niiseme kidogo. Kwenye vyoo vya walemavu kamba inakuwa na bangili mbili, ya chini iko sentimita 10 tu kutoka sakafuni, na sababu yake ni kwamba aliyeanguka yuko sakafuni, si amesimama. Sasa nimeingia flati nyingi za wazee nikakuta kamba imepigwa fundo huko juu karibu na dari, eti inasumbua wakati wa kudeki. Ukienda kwa mama leo kaifungue.

Haya, nyumba zenyewe zinapatikanaje. England kila kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, lazima iwe na plani ya eneo lake, hati inayosema kijengwe nini na wapi, na mwongozo wa serikali wa Juni 2019 kuhusu nyumba za wazee na walemavu unazitaka kaunsili zipime wazee watahitaji nyumba za aina gani, siyo kukisia. Sensa ya 2021 ilikuta watu wa miaka 65 na zaidi England na Wales wamepita milioni 11, hiyo ni asilimia 18.6, karibu mtu mmoja kwa kila watano. Kwa hiyo hitaji lipo na linajulikana, kasheshe ni ardhi na pesa.

Na ubora wa nyumba yenyewe pia unapangwa mapema. Kuna kiwango kwenye kanuni za ujenzi kinaitwa M4(2), maana yake unaingia bila ngazi, choo kipo usawa wa mlango wa kuingilia, na ukuta wa bafuni umejengwa imara wa kubeba vyuma vya kushikilia hata kama leo havijafungwa. Watu wanakidharau hicho cha mwisho, lakini jaribu kufunga chuma kwenye ukuta wa jipsamu halafu mzee wa kilo 85 akininginie, kitatoka na ukuta wote. Plani ya London ya 2021 inataka asilimia 90 ya nyumba mpya ziwe za kiwango hicho na asilimia 10 ziwe za mtu wa wilcheya. Kwingine inategemea kaunsili waliandika nini kwenye plani yao, kama hawakuandika basi developa, yaani kampuni inayojenga, hana wa kumlazimisha.

Sasa bei nafuu. Neno lenyewe limejaa ujanja. Kuna kodi ya kijamii, yaani kodi ya pango kwenye nyumba za kaunsili na vyama vya nyumba, hiyo ndiyo ya chini kweli, na kuna inayoitwa kodi nafuu ambayo inaweza kufika asilimia 80 ya bei ya soko, na asilimia 80 ya soko la London kwa mtu wa pensheni ni kichekesho. Aliyefika umri wa pensheni mara nyingi anaweza kuomba hauzingi benefiti, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, lakini siyo kila kitu kwenye gharama za huduma za jengo kinalipiwa, ulizeni kabla ya kusaini. Mwenye akiba yake kuna mpango wa kununua sehemu ya nyumba kwa wenye miaka 55 na kuendelea, unanunua mpaka asilimia 75, ukifika hapo ile 25 iliyobaki hulipii kodi, gharama za huduma ndiyo unaendelea nazo.

Nyumba nyingi za bei nafuu zinapatikana kupitia kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya 1990, yaani kaunsili inampa developa kibali kwa sharti kwamba sehemu ya nyumba iwe ya bei nafuu. Hapa pana mchezo mmoja nataka muujue. Matumizi ya majengo yana makundi, C3 ni nyumba za kuishi, C2 ni taasisi kama kea homu, na plani nyingi sharti la bei nafuu limeandikwa kwa kufikiria nyumba za kuishi tu. Kwa hiyo developa wa flati nzuri za wazee anakuja anasema mimi hizi ni C2 kwa sababu nina wahudumu, kwa hiyo sidaiwi. Mwaka 2020 kesi ya mradi wa Thame, Oxfordshire, ilifika Mahakama Kuu, plani ya kule inataka asilimia 40 bei nafuu, na jaji akasema hata jengo likiwa C2, flati yenye mlango wake na jiko lake inaweza kuhesabika kuwa makazi, kwa hiyo sharti linamhusu. Lakini angalia, kesi iligeukia maneno ya plani. Plani ikiandikwa kizembe, wazee wa kipato cha chini ndio wanaoliwa.

Anayetaka kuona inavyowezekana aangalie New Ground, High Barnet, kaskazini mwa London. Kina mama watu wazima walijikusanya 1998 wakasema hatutaki kuzeekea kwenye upweke wala kupangiwa maisha, tunataka kukaa pamoja kila mtu na flati yake. Walihamia mwishoni mwa 2016. Miaka 18 jamani! Baadhi yao hawakuiona siku hiyo. Flati ni 25, 17 wamenunua, 8 ni za kodi ya kijamii, na zote ziko kwenye jengo moja na bustani moja. Mimi kinachonivutia ni ukumbi wao wa pamoja, maana kwetu tunaujua huo, ni baraza tu, watu wanakaa, wanasengenya kidogo, asipoonekana mtu asubuhi anagongewa mlango.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule wa Jumatatu, yeye nampeleka kwa watu wa mahitaji ya dharura, na namwambia aombe ruzuku ya kurekebisha nyumba kwa mlemavu, England inafika hadi pauni 30,000 kulingana na kipato, japo haiwezi kuzaa lifti kwenye jengo la gorofa tatu. Halafu namuuliza, je plani ya kaunsili yenu ilipotolewa kwa maoni uliandika chochote? Hajui hata kama ilitolewa. Na siyo plani tu, hata mradi mmojammoja unatolewa kwa maoni: ukipita mtaani ukaona karatasi ya ombi la kibali cha ujenzi imefungwa kwenye nguzo ya taa, simama uisome, kawaida mna siku 21 za kutoa maoni na huhitaji kuwa mwanasheria. Usiandike "mama yangu anateseka," hiyo wanakuonea huruma halafu wanaiweka pembeni. Andika flati ngapi ni za kodi ya kijamii, lifti ni moja au mbili na ikiharibika mzee wa juu anashukaje, kituo cha basi kiko mita ngapi, kuna benchi la kupumzikia njiani, jikoni pana dirisha la kutolea moshi wa kukaanga samaki. Na tumeni watu wengi, kila mtu kwa maneno yake, maana barua 40 zilizokopiwa zinaonekana kama moja.