Breka ikijizima jikoni, kagua waya kabla ya kununua breka kubwa

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kaya zimeitikia, na tunazipongeza kwa dhati. Birika, jiko la induksheni na jiko la presha la umeme vimeingia katika nyumba ambazo wayaringi yake ilitandazwa kwa ajili ya taa, redio na televisheni. Ndiyo maana lalamiko linalotufikia mara kwa mara siku hizi ni hili: "Breka inajizima kila nikipika, fundi aliniwekea kubwa zaidi, sasa nasikia harufu ya kuungua."

Tuanze na hesabu, kwa kuwa bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Umeme wa majumbani ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa 230, utapata ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.6. Jiko la induksheni la wati 2,000 linavuta 8.7. Jiko la presha la wati 1,000 linavuta 4.3, na pasi ya wati 1,200 inavuta 5.2. Vyote vikiwaka pamoja saa moja usiku ni karibu ampea 28, na katika nyumba nyingi vyote vimechomekwa kwenye laini moja ya soketi yenye breka ya ampea 20.

Wengi wanadhani breka ya ampea 20 inakata mara tu mzigo unapofika 21. Haiko hivyo. Breka za majumbani zimetengenezwa zivumilie: kwa kiwango cha utengenezaji, breka ya 20 inatakiwa ibebe ampea 22.6 kwa saa nzima bila kujizima, na ikipata 29 inatakiwa ijizime kabla saa moja haijaisha. Kwa hiyo hizo ampea 28 zinaweza kupita mpaka ugali umeiva na maharage yamekolea, breka haijasema kitu. Ikijizima, ujue imevumilia vya kutosha.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Breka ya 20 inang'olewa, inawekwa ya 32 au 40, na waya unabaki uleule wa milimita za mraba 2.5. Tumelisema hili kwenye redio, kwenye mikutano ya mitaa na kwenye vipeperushi, na bado tunaulizwa kama breka kubwa siyo imara zaidi. Kazi ya breka ni kuulinda waya. Joto ndani ya waya linakua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Plastiki ya kawaida inayofunika waya imetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 70. Waya uliobanwa na wenzake ndani ya bomba, chini ya plasta au juu ya dari iliyo chini ya bati la moto, hauna pa kupumulia. Plastiki inakauka, inapasuka kama ganda la kitunguu, na siku moja waya wa moto (unaoleta umeme) unagusana na wa nyutro (unaourudisha) mahali ambapo hakuna anayeona.

Ukubwa unaokubalika kwa nyumba ya kawaida ni huu. Taa ni waya wa 1.5 kwa breka ya ampea 6 au 10. Soketi za laini moja ni waya wa 2.5 kwa breka ya 20. Jiko lenye oveni linahitaji laini yake peke yake, waya wa 6 na breka ya 32. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,500 inavuta ampea 24, hivyo nayo inataka laini yake ya waya wa 6, breka ya 32, na swichi inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Mahali pekee ambapo utakuta breka ya 32 kwa haki juu ya waya wa 2.5 ni soketi zilizofungwa kwa ringi, yaani waya unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Fundi akikuambia ni ringi, afungue boksi akuonyeshe ncha zote mbili na apime kama mzunguko haujakatika. Ringi iliyokatika katikati ni laini mbili za 2.5 zilizo chini ya breka isiyozilinda.

Kuna hitilafu nyingine ambayo breka ya kawaida haiwezi kuiona kabisa: kiungio kilicholegea. Chunguza soketi unayochomeka birika kila siku. Plastiki nyeupe inaanza kuwa ya manjano kuzunguka tundu moja, halafu kahawia, halafu uso wake unatoa malengelenge madogo. Plagi ukiichomoa, mguu mmoja ni wa moto kuliko mwingine. Mara nyingi inatoka harufu inayofanana na ya samaki, na watu hutafuta kwenye friji. Ni plastiki ya soketi inayoiva. Nyuma ya soketi kuna skrubu ambayo haikukazwa vizuri. Waya unapopata joto unatanuka, ukipoa unasinyaa, na kila mara skrubu inalegea kidogo. Ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo kinachopimwa kwa ohimu, ukiwa wa nusu ohimu tu mahali hapo, kwa ampea 10 za birika, unazalisha wati 50 za joto katika eneo dogo kama punje ya maharage. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kuchomelea risasi. Mkondo bado ni ampea 10, kwa hiyo breka haina sababu ya kukata. Soketi ya namna hii haisafishwi wala kukazwa tu: inabadilishwa, na waya uliobadilika rangi unakatwa hadi mahali penye shaba inayong'aa. Viungio vya kusokota waya na kuzungushia tepu darini ni hatari ileile, isipokuwa hivyo huna hata harufu ya kukuonya mapema.

Sasa ethi. Bado tunasikia kwamba ethi ni ya nyumba za ghorofa, au kwamba ukivaa kandambili huihitaji. Bati la friji na jiko likiguswa na waya wa moto, ethi ndiyo njia ya umeme kwenda ardhini kabla haujapita mwilini mwako. Lakini hata wanaoamini ethi huishia nusu ya hoja. Nondo ya ethi iliyopigwa ardhini ikiwa na ukinzani wa ohimu 20, umeme unaovuja utakuwa 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 20 haitakata. Bati la friji litabaki na umeme, na mtoto atakuja kufungua akiwa peku, ametoka kuoga. Katika udongo mkavu au wa kichanga ukinzani hupanda zaidi.

Kwa sababu hiyo, nyumba inayotegemea nondo yake ya ethi inahitaji kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifikia miliampea 30 kinatakiwa kiwe kimekata ndani ya sekunde 0.3. Kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Kisipojizima, kimekufa na hakikulindi. Kikijizima mvua zinaponyesha, usikipite kwa kuunganisha waya moja kwa moja: maji yameingia mahali, mara nyingi kwenye taa ya nje au soketi ya baraza. Zima breka zote, kiwashe, kisha washa breka moja moja mpaka utakayoikuta na kosa. Iache imezimwa, ita fundi. Na ieleweke kwamba RCD ya kawaida haizuii mzigo kuzidi. Inafanya kazi pamoja na breka, haichukui nafasi yake.

Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina nyaya za milimita za mraba 0.75, zinazofaa ampea 6, sawa na wati 1,380. Chaja na televisheni, sawa. Birika, pasi na jiko vichomekwe ukutani. Ndani ya plagi, fyuzi ya ampea 3 ni ya vifaa visivyozidi wati 700 hivi. 13 ni kwa vikubwa. Kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi.

Unaponunua waya, tazama alama ya TBS (Shirika la Viwango), kisha kwangua ncha kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Rudisha. Rola halisi ya mita 100 ya waya wa 2.5 ina kilo 2.2 za shaba peke yake kabla ya plastiki, kwa hiyo rola nyepesi mkononi inajieleza.

Kuhusu nani afanye kazi hii, mipaka ni wazi kwa Tanzania Bara. Shirika la umeme linawajibika hadi kwenye mita. Baada ya mita ni mali na wajibu wa mteja. Kufunga au kukarabati mifumo ya umeme ni kwa mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Leseni ina daraja linaloonyesha kazi anayoruhusiwa, na ina tarehe ya mwisho. Omba kuiona, soma jina, daraja na tarehe, linganisha na kitambulisho chake, kisha hakiki jina hilo kwenye orodha ya EWURA mtandaoni. Si dharau kumuuliza fundi. Mwenye leseni amezoea kuulizwa. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Kuvunja lakiri ya mita, kuipita mita au kumvutia jirani laini kutoka kwako ni makosa mengine: utakatiwa huduma, utakadiriwa uniti zilizopotea, na shauri linaweza kufika mahakamani. Mwenye malalamiko dhidi ya mtoa huduma aanze kwa kumwandikia mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhika ndipo alifikishe EWURA, akiwa na nakala ya barua ya kwanza. Wanaoruka hatua hiyo hurudishwa.

Taa zikiwa kali kupita kawaida upande mmoja wa nyumba na kufifia upande mwingine, nyutro imelegea au imekatika. Zima meni swichi papo hapo, usiguse mita, toa taarifa TANESCO kwa namba 180. Mtu akinaswa, zima umeme kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Moto wa umeme haumwagiwi maji: zima meni swichi kama unaifikia salama, toka nje, piga Zimamoto kwa 114.

Kazi ikimalizika, usilipe sehemu ya mwisho ya fedha kabla ya kupokea mchoro wa wayaringi wenye mhuri na karatasi ya vipimo: mwendelezo wa ethi, ukinzani wa plastiki ya nyaya uliopimwa kwa volti 500 na usiopungua megaohimu 1, mpangilio wa moto na nyutro kwenye kila soketi, ukinzani wa nondo ya ethi, na muda RCD iliotumia kukata. Kila breka iandikwe inalisha nini. Nakala moja ya karatasi hizo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka, nyingine itunzwe pamoja na nyaraka za nyumba, kwa kuwa fundi atakayekuja baada ya miaka kumi ataanza nazo.