Vinywaji vya matunda yaliyogandishwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Barafu nyingi ndiyo inayoleta uzito.
Barafu huleta ubaridi, kisha huyeyuka na kuichujua juisi. Uzito hutoka kwenye tunda lenyewe. Menya embe, ndizi au nanasi lililoiva, kata vipande vya sentimita 2 hivi, vitandaze kwenye trei bila kugusana, uvigandishe saa 4 hadi 6, ndipo uvitie kwenye mfuko. Ukivirundika mfukoni kabla havijaganda, vitashikana vikawa bonge moja lisilosagika kwa blenda ya nyumbani. Kwa glasi 2, gramu 400 za matunda na mililita 200 za maji au maziwa zinatosha.

Dhana: Blenda ikikwama, haina nguvu.
Mara nyingi kosa ni mpangilio. Kimiminika kitangulie, vipande vikae juu yake. Vipande vikiwa chini, visu huchimba uwazi na kuzunguka patupu: mota inanguruma, lakini juu hakuna kinachosogea. Zima, koroga kwa mwiko, ongeza vijiko 2 vya maji, kisha saga kwa sekunde chache chache. Ukisaga mfululizo, msuguano wa visu utaleta joto na kuyeyusha ulichokigandisha.

Dhana: Sukari ni ya utamu tu, unaweza kuiacha.
Kwa juisi inayogandishwa ili iwe chengachenga, hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Maji yanapoanza kuganda, sukari hubaki kwenye sehemu ambayo bado haijaganda na kuifanya shira, na shira hiyo ndiyo inayozitenga chembe za barafu. Sukari ikipungua sana, unapata jiwe. Ikizidi robo ya uzito wote, unabaki na uji usioshika.

Lenga gramu 130 hadi 150 kwa lita, ukihesabu na sukari ya tunda. Lita ya juisi ya tikiti maji ina takriban gramu 60, kwa hiyo ongeza 80 hivi. Nanasi huwa na zaidi ya 100, basi 30 zinatosha. Maji ya limau yanahitaji karibu zote. Mimina kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 3, na ukwangue kwa uma kila dakika 30 kwa muda wa saa 3, ukianzia kingoni ambako huganda mapema. Onja kabla ya kugandisha: ubaridi hufifisha utamu, kwa hiyo mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko unavyopenda.

Dhana: Nanasi na maziwa vikiwa vichungu, maziwa yalikuwa mabovu.
Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini za maziwa na kuleta uchungu. Kugandisha hakukiharibu; joto hukiharibu. Chemsha vipande dakika 5, vipoe, ndipo uvigandishe. Au kunywa mara tu unapomaliza kusaga.

Dhana: Friza huua vijidudu.
Hapana, vingi husinzia tu, vikaamka kinywaji kinapoyeyuka. Osha tunda kabla ya kulimenya, tumia maji salama ya kunywa hata kwa barafu, na kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kimwage, usikirudishe friza.

Dhana: Chupa ya kioo ijazwe hadi mdomoni.
Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kioo hupasuka. Tumia chombo cha plastiki kinachofaa friza, ukiacha sentimita 3 juu.