Ukisema halo leo, utajibiwa lini?

Aliyewahi kupiga simu inayopitia setilaiti anaijua ile nusu sekunde. Unasema "halo", kimya kidogo, unadhani hujasikika, unarudia, na papo hapo jibu la halo ya kwanza linaingia juu ya halo ya pili. Mnaanza kukatizana. Wateja wetu wa visiwani na migodini hutuambia laini ni mbovu, nami huwaeleza kwamba laini ni nzima. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti yako inapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na jumla ya safari hiyo ni zaidi ya kilomita 143,000. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, na hakuna fundi wala fedha itakayoyaongezea hata kilomita moja.

Kazi yangu ni mawasiliano ya setilaiti, na kutwa nzima nashughulika na mambo mawili: mawimbi yatafika yakiwa na nguvu kiasi gani, na yatafika baada ya muda gani. Kwa hiyo habari za viumbe wa sayari nyingine zinapovuma, watu huniuliza swali la nguvu: hivi redio zetu zinaweza kufika huko? Nadhani swali hilo limepewa uzito usiostahili. Udhaifu wa mawimbi una dawa, ingawa ni ghali. Muda hauna dawa, na ndio unaoamua ni mawasiliano ya aina gani yanawezekana.

Tuanze karibu. Mtu aliyeko Mwezini ukimsalimia, jibu linakufikia baada ya sekunde 2 na nusu hivi. Mtavumiliana. Mirihi inategemea sayari zetu mbili zimekaaje kwenye njia zao: mawimbi huchukua dakika 3 zikiwa karibu, na dakika 22 zikiwa mbali, kwa kwenda tu. Hapo simu imeshakufa na kilichobaki ni barua.

Kisha yuko Voyager 1, na hapa nataka tukae kidogo. Chombo hiki kilirushwa Septemba 1977, na hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu ambacho kiko mbali nasi kuliko hicho. Kinakimbia kilomita 17 kila sekunde. Mwezi Novemba 2023 kilianza kutuma vitu visivyosomeka. Mawimbi yalikuwa yanafika kama kawaida, ila data iliyobebwa haikuwa na maana yoyote. Wahandisi wa NASA walipotuma amri, ilitumia saa 22 na nusu kukifikia chombo, na majibu yakatumia saa nyingine 22 na nusu kurudi. Jaribio moja, saa 45. Ukikosea tarakimu moja utajua keshokutwa.

Walikwenda hivyo kwa miezi. Mwishowe walifanikiwa kukifanya chombo kitume yote yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake moja, wakagundua kwamba chipu inayotunza sehemu ya programu imeharibika. Hapakuwa na sehemu nyingine yenye nafasi ya kupokea msimbo wote uliokuwa kwenye chipu ile. Wakaukata vipande, wakavitafutia nafasi huku na kule, wakarekebisha kila mahali palipokuwa panaelekeza kwenye anwani ya zamani. Aprili 18, 2024 walituma sehemu ya kwanza. Aprili 20 jibu likaingia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano waliweza tena kusoma hali ya chombo.

Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za fani yetu. Lakini angalia masharti yake. Pande zote mbili zilitengenezwa na watu wale wale. Masafa ya redio yanajulikana, msimbo unajulikana, vitabu vya maelekezo vya miaka ya 1970 vipo. Hata hivyo ilichukua miezi, kwa umbali usiofika hata siku moja ya mwanga, yaani umbali ambao mwanga huenda kwa siku moja.

Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, ukiacha Jua, ni Proxima Centauri. Hutaiona kwa macho kwa sababu ni hafifu, ila jirani yake Alpha Centauri inaonekana vizuri tu kwetu, kando ya Msalaba wa Kusini. Umbali wa Proxima ni miaka 4.24 ya mwanga, na mwaka mmoja wa mwanga ni kama kilomita trilioni 9.46. Ukisema halo leo, jibu la haraka kuliko yote litafika baada ya miaka 8 na nusu. Kwa mwendo wa Voyager 1, umbali huo ni safari ya karibu miaka 75,000. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti walifukua kaburi la mtoto wa umri wa karibu miaka 3, aliyezikwa takribani miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba kichwa chake kililazwa juu ya kitu mithili ya mto. Chombo kama Voyager kingeondoka siku za msiba ule, kingekuwa kimeifikia nyota ya kwanza juzijuzi. Na hiyo ndiyo jirani. Galaksi yetu ina upana wa miaka 100,000 ya mwanga hivi.

Nimesema nguvu ina dawa, basi niionyeshe. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayopokelewa inabaki robo. Ukizidi mara kumi, inabaki moja ya mia. Voyager 1 inatuma kwa wati 23 hivi, kupitia dishi lenye upana wa mita 3.7. Antena za mita 70 zilizoko California, Hispania na Australia zinapokea chini ya sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya wati. Bado tunasoma. Tunasoma kwa sababu dishi ni kubwa, kwa sababu vikuza mawimbi vimepozwa kwa baridi kali ili kelele zao wenyewe zipungue, kwa sababu chombo kinatuma polepole, biti 160 tu kwa sekunde (biti ni 0 au 1 moja), na kwa sababu ya hesabu za kusahihisha makosa.

Hizo hesabu ndizo zinazonigusa zaidi. Kwenye intaneti ya nyumbani, pakiti ya data ikiharibika njiani, kompyuta yako huomba itumiwe tena. Kwa umbali wa anga huwezi kuomba tena. Kwa hiyo mtumaji anaongeza biti za ziada, zilizokokotolewa kutokana na zile halisi, ili mpokeaji aweze kujitengenezea mwenyewe palipoharibika bila kuuliza. Sasa tatizo: mpokeaji lazima awe anaijua kanuni iliyotumika. Kadiri msimbo unavyobana na kulinda vizuri, ndivyo kwa mtu asiyeujua unavyofanana na kelele tupu. Unayemwandikia kiumbe ambaye hamjawahi kukubaliana lolote unatakiwa kulinda ujumbe na kuuacha wazi kwa wakati mmoja.

Novemba 16, 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilijaribu. Dishi lake lilikuwa na upana wa mita 305. Mwanaastronomia Frank Drake na wenzake, akiwemo Carl Sagan, walitayarisha ujumbe wa biti 1,679 ukatumwa kwa masafa ya megahezi 2,380 na nguvu ya kilowati 450, kuelekea kundi la nyota liitwalo M13. Mbona 1,679? Namba hiyo unaipata kwa kuzidisha 23 na 73, zote namba tasa, na hakuna njia nyingine ya kuigawa. Mpokeaji mwenye akili akizipanga biti kwenye mistari 73 yenye biti 23 kila mmoja, picha inatokea: namba 1 hadi 10, elementi zinazojenga DNA, umbo la mtu, sayari zetu, na darubini yenyewe. Picha ina kinga yake ya asili, maana biti chache zikigeuka njiani, umbo la mtu bado linaonekana.

Ila ujumbe ule ulitumwa mara moja tu, kwa dakika zisizofika 3. Ulikuwa sehemu ya sherehe ya kuzindua maboresho ya darubini, na hilo naelewa. Kama mhandisi, bado naliona ni pengo kubwa. Aliyeelekeza antena kwingine dakika zile amekosa. Aliyewasha kifaa katikati amepata vipande visivyofika 1,679, na ufunguo wote wa namba tasa umevunjika. Kurudia ndiyo kinga pekee ambayo kila kiumbe anaweza kuitambua bila kufundishwa.

M13 iko umbali wa miaka kama 25,000 ya mwanga. Jibu, kama yupo wa kujibu, haliwezi kufika kabla ya miaka 50,000. Darubini yenyewe ilianguka Desemba 1, 2020, ujumbe ukiwa umekwenda miaka 46 tu. Mwaka 2017 ulitumwa ujumbe mwingine kutoka Tromsø, Norway, kwenda nyota ya Luyten, iliyoko zaidi kidogo ya miaka 12 ya mwanga na ambayo ina sayari. Huo unaweza kujibiwa mnamo 2042, na vijana wengi wanaosoma hapa watakuwepo. Huo ndio mpango ninaouona wa busara: chagua jirani, rudia, ngoja.

Wapo wanaoona tusitume kabisa. Martin Ryle, mwanaastronomia wa mawimbi ya redio wa Uingereza, alipinga mara tu baada ya Arecibo, na mwanafizikia Stephen Hawking alionya hivyo hivyo mwaka 2010. Naheshimu hofu hiyo ya kuvamiwa, ila umbali unaotunyima mazungumzo ndio huo huo unaozuia uvamizi.

Kuna ugumu mwingine unaonisumbua kuliko huo. Redio ilivuka Bahari ya Atlantiki mara ya kwanza mwaka 1901. Ukiihesabu galaksi nzima, tumekuwa na redio kwa kufumba na kufumbua tu. Ili sisi na wao tusikizane, haitoshi wawepo. Lazima enzi yao ya kutuma, ukijumlisha na muda wa safari ya mawimbi, iangukie ndani ya enzi yetu ya kusikiliza. Hatuwezi kupanga enzi yao. Tunachoweza ni kurefusha yetu, na kusikiliza ni kazi isiyohitaji kusubiri jibu: mawimbi yaliyotumwa miaka 10,000 iliyopita yanaweza kuwa yanapita juu ya paa lako usiku huu.

Drake alianza kusikiliza mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, akielekeza antena kwenye nyota mbili, kwa megahezi 1,420, masafa ambayo haidrojeni yenyewe hutoa kila mahali. Hakupata kitu. Mwaka 1977 huko Ohio yalinaswa mawimbi makali ya sekunde 72 ambayo hayakurudi tena. Mwaka 2019 antena ya Parkes, Australia, ilinasa kitu upande wa Proxima. Uchunguzi ukaonyesha ni vifaa vyetu wenyewe.

Kwa Afrika kazi hii imeshaanza. Darubini ya redio ya MeerKAT, Afrika Kusini, ina antena 64. Ghana nayo ilichukua dishi la mita 32 la Kuntunse, lililojengwa kwa ajili ya simu za kimataifa na likaachwa baada ya nyaya za baharini kufika, ikaligeuza kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Kenya ni mshirika katika mradi wa SKA, wa kujenga darubini kubwa sana ya redio, na madishi ya kituo cha setilaiti cha Longonot ni ya ukoo huo huo wa Kuntunse: chuma imara, mota za kuzungushia, eneo lenye uzio na umeme. Badilisha kipokezi, weka kompyuta ya kuchambua masafa, fundisha vijana 5 au 6 kusoma data, na usiku wa kwanza unaweza kulielekeza Alpha Centauri, ambayo wenzetu wa Green Bank hawaioni kabisa kutoka kwao.