Krispi mbili, namba mbili za ushuru
Waagizaji wengi bado wanaamini kwamba jina lililoandikwa kwenye pakiti ndilo linaloamua ushuru wa vitafunio. Sivyo. Forodha huangalia kilichomo na jinsi kilivyotengenezwa.

Chukua krispi za viazi. Kiazi kilichokatwa vipande vyembamba kikakaangwa huingia namba 2005 (namba ambazo forodha hutumia kupanga bidhaa ili kutoza ushuru), pamoja na mboga zilizosindikwa. Lakini zile zinazopangana ndani ya kopo, zote umbo moja, nyingi hutokana na unga wa viazi uliokandwa. Hizo ni 1905, kundi la mikate na biskuti. Mlaji haoni tofauti, afisa anaiona.

Ndiyo maana nasisitiza: soma viambato kabla ya kuagiza, na kwenye ankara usiandike “vitafunio” tu. Andika, kwa mfano, “krispi za unga wa viazi”.