Intaneti inaganda saa mbili usiku: kosa si la bando

Swali linalofika mara nyingi kwenye dawati letu la elimu kwa umma ni hili: "Nimenunua bando la GB 10, mbona video inaganda?" Anayeuliza anaishi Manzese, Tandale, Buguruni au Mbagala. Ukimdadisi kidogo atakuambia inaanza kuganda saa moja jioni, ikifika saa tano usiku inaachia, na alfajiri iko safi kabisa. Ameshabadilisha laini mara mbili. Nusu ya jibu lake iko kwa majirani.

Turudi nyuma kidogo. Waliowahi kukaa kwenye intaneti kafe za Posta au Kariakoo mwishoni mwa miaka ya 1990 wanaikumbuka modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, ikipiga simu: mlio wa kawaida, halafu makelele kama redio iliyokosa stesheni, halafu kimya. Ukisikia kimya, umeingia. Waya wa simu ya mezani ulitengenezwa kubeba sauti ya mtu, yaani masafa ya kama hezi 300 hadi 3,400 basi, na modemu ilibidi igeuze barua pepe yako iwe sauti ili ipenye humo. Modemu nzuri kabisa iliishia kilobiti 56 kwa sekunde. Wimbo wa megabaiti 4 ulichukua kama dakika kumi, na dakika zote hizo zilihesabiwa kwenye bili ya simu. Mtu akinyanyua simu sebuleni, umekatika, anza upya.

Korea Kusini nao walianzia kwenye waya huohuo wa shaba. Mwaka 1998 kampuni ya Thrunet ilianza kuuza intaneti ya kasi kupitia nyaya za televisheni, na mwaka uliofuata Hanaro ikaja na ADSL, teknolojia inayotumia masafa ya juu yasiyoguswa na sauti, hivyo simu na intaneti vikapita waya mmoja bila kugombana. Mteja akalipa kwa mwezi, saa asiangalie tena. Mwishoni mwa 2002 waliounganishwa walikuwa wamepita milioni 10.

ADSL ina udhaifu wake. Masafa ya juu hufifia haraka kwenye shaba, na ukiwa kilomita 5 hivi kutoka kituo cha simu unabaki na mabaki. Hapo ndipo msongamano ulipowabeba Wakorea. Nchi ilikuwa na zaidi ya watu 450 kwa kilomita ya mraba, wengi wakiishi kwenye maghorofa, kwa hiyo waya mfupi uliofika jengo moja ulipata wateja mamia. Mwaka 1999 serikali yao ilianza hata kuyapa majengo vyeti kulingana na ubora wa nyaya zake, na mpangaji akawa anauliza cheti kama sisi tunavyouliza maji na luku.

Sasa angalia Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, zaidi ya 3,800 kwa kilomita ya mraba. Tunawapita Korea mara nane, ingawa haki ni kulinganisha jiji na jiji. Lakini shaba hatukuwa nayo: mwaka 2000 laini za mezani nchi nzima hazikufika laki mbili. Kwa hiyo hatua ya ADSL tuliipita kwa mbali, tukaenda moja kwa moja kwenye simu ya mkononi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010, tukaachana na setilaiti ambayo swali na jibu vilisafiri karibu nusu sekunde angani. (Tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ilipokatika, jiji zima lilijionea lilivyoitegemea.)

Tatizo limehamia kipande cha mwisho, kutoka mnara hadi mkononi mwako. Msongamano uleule uliowasaidia Wakorea kwenye waya, kwetu hewani unatuumiza. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye masafa ya upana wa megahezi 20 hutoa, kwa hesabu ya kitabuni, megabiti 150 kwa sekunde. Hizo ni za wote waliopo upande ule. Wakiwa 300 na kila mmoja anatazama kitu saa mbili usiku, mgawo ni nusu megabiti. Bado ni karibu mara tisa ya modemu ya zamani, ila video ya leo haitosheki hapo. Bando la GB 10 ni ujazo wa ndoo. Mwendo wa bomba ni habari nyingine.

Faiba, yaani waya wa kioo unaobeba mwanga hadi nyumbani, inagawanywa pia, wauzaji hawapendi sana kulisema. Mfumo wake wa kawaida, GPON, una takriban megabiti 2,500 kwa sekunde, na mara nyingi hugawiwa nyumba 32 au 64. Nyumba zote 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja inabaki na karibu megabiti 39. Kichochoro cha Tandale chenye nyumba za vyumba sita sita, kila chumba na mpangaji wake, kwa hesabu za waya hakina tofauti kubwa na ghorofa la Seoul: mita chache, wateja wengi. Kinachokwamisha ni nguzo zisizopata pa kusimama, ruhusa ya kupita ukutani kwa mwenye nyumba, na nani atasaini mkataba wakati wapangaji wanahama kila baada ya miezi sita. Mimi naona hilo la mwenye nyumba ndilo gumu kuliko yote, na halitibiwi na uhandisi.

Kabla hujabadilisha laini kwa mara ya tatu, pima kasi saa kumi na moja alfajiri, kisha saa mbili usiku, ukiwa umekaa palepale. Alfajiri ikiwa juu na usiku ikianguka, mnara umejaa. Bando kubwa zaidi halitakusaidia. Zikiwa mbovu zote mbili, toka nje ya paa la bati upime tena. Na ukiahidiwa "Mbps 10", yaani megabiti 10 kwa sekunde, gawanya kwa nane, maana baiti moja ni biti nane: ni megabaiti 1.25 kwa sekunde.