Kwa nini trekta kuukuu hutoa moshi mwingi, na rangi yake yasema nini?

Je, wajua kwamba injini ya dizeli iliyo nzima, ikishapata joto, moshi wake hauonekani kwa urahisi? Tumezoea kuona trekta la zamani likilima na wingu juu yake, tukadhani ndivyo yalivyo matrekta. Twasema dalili ya moto ni moshi, lakini kwenye dizeli moshi mwingi ni dalili kwamba moto haukumaliza kazi, au kwamba kimeingia ndani kitu kisichostahili kuchomwa.

Mtu aliyepikia kumbi na vifuu vya nazi ataelewa haraka. Kumbi mbichi hutoa moshi mweupe unaoliza macho. Shindilia vifuu jikoni bila kupepea, na sufuria itatoka nyeusi tititi.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda, huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja kati ya 16 au 18 ya ilivyokuwa, na hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo yahitajika hewa ya kutosha, mbano wa kutosha, na mnyunyizo mwembamba unaofika kwa wakati wake.

Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. Mjomba wangu analima Mwakirunge, huko nyuma ya Kisauni, kwa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Msimu mmoja lilianza kutapika moshi mweusi kila jembe likizama ardhini. Majirani wakamwambia injini imekufa, ifunguliwe. Fundi aliyeletwa hakugusa hata boliti moja ya injini. Aliinama kwenye chujio la hewa, lile la zamani lenye bakuli la oili chini, akalegeza kibanio na kulishusha bakuli. Oili ilikuwa imegeuka uji mzito wa matope, na juu yake mabawa ya kumbikumbi.

“Mzee, usiuze mbuzi bado,” akamwambia mjomba. “Hili halina ugonjwa, limezibwa pua.”

Na ndiyo maana napenda fundi anayeanza na kitu cha bure. Chujio likiwa safi na moshi bado ni mweusi, sasa shuku nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyochezewa na mtu aliyetaka nguvu zaidi. Moshi huo pia hutoka trekta likibebeshwa kazi iliyolizidi.

Mweupe ndio unaowachanganya watu, kwa sababu kuna aina mbili. Ukiwa ni dizeli isiyoungua, unanuka dizeli, unachoma macho na unaning'inia hewani. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, si neno. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, huenda mbano umepungua, nozeli imeharibika, au dizeli inaingia kwa wakati usiofaa. Aina ya pili ni mvuke: hauna ule ukali wa dizeli, na hupotea upesi. Ukitoka mfululizo na huku maji ya rejeta yanapungua pasipo kuvuja nje, gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kifuniko cha juu cha silinda, imeungua, au hedi yenyewe ina ufa. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, uwashe, uangalie: mapovu yakipanda bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Usilifungue rejeta likiwa moto. Maji yale yatakubabua uso.

Kujua silinda ipi ina tatizo, mafundi hulegeza nati za paipu za nozeli moja moja, injini ikiunguruma polepole. Silinda nzima ikikatiwa dizeli, mngurumo hubadilika. Ile mbovu haibadilishi chochote. Kazi hii mwachie fundi, na mkono usikae mbele ya dizeli inayoruka, kwani kwa shinikizo lake huweza kupenya ngozi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mara nyingi ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande, zimelika, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwaka, utaona moshi ukipumua kwa nguvu. Moshi ukitoka zaidi mara tu unapowasha, kisha ukapungua, nashuku zaidi miongozo ya valvu, yale matundu ambamo valvu hupanda na kushuka.

Lakini hata bluu usiikimbilie kufungua injini. Wiki moja baada ya fundi kuondoka, mjomba alipiga simu: trekta sasa latoa moshi wa bluu. Kumbe alipolisafisha tena lile bakuli, alilijaza oili kupita alama, ati lisafishe hewa vizuri zaidi. Injini ilikuwa inavuta oili pamoja na hewa. Bahati yake ilikuwa kidogo tu. Ikivutwa nyingi, injini huweza kukimbia yenyewe kwa oili hiyo na isizimike hata ukivuta waya wa kuzimia, mpaka uzibe njia ya hewa kwa ubao. Alimwaga iliyozidi, na mchana huo akarudi kulima.